Muhuri wa Mkono wa Kushoto

Mahajanga, 9 Oktoba 1960

Dada yangu mpenzi Sittou,

Kwezi, dada. Naitanguliza salamu hii ya mdogo kwa mkubwa kama alivyotufundisha marehemu mama, kisha nakuuliza hali yako, na hali ya shangazi Kalathoumi, na hali ya jino lake la mwisho. Sisi huku hatujambo. Mchumba wangu Nadjati hajambo, baba yake Mzee Mroivili hajambo, na mtaa mzima wa Tsaramandroso haujambo, ila kila ninayekutana naye ananiuliza harusi lini. Nawajibu: baada ya Idi, inshallah, kofia ikifika.

Nakuandikia kwa Kiswahili na kwa herufi za Qurani, kama alivyotaka baba. Sokoni nasema Kimalagasi, ofisini Kifaransa, kwa Mzee Mroivili Kingazija. Kiswahili kimebaki kati yangu na wewe tu, kwa hiyo nikikosea usimwambie mtu.

Sasa habari yenyewe. Tangu Juni nchi ni yetu. Furaha hiyo sikuikosa, nilicheza mpaka soli ya kiatu ikaniaga. Lakini ofisi yetu ya hati imebaki na makaratasi elfu tisini yaliyochapwa enzi ya zamani, na mkubwa wetu si mtu wa kutupa karatasi. Ameamuru kila moja ipigwe mihuri mitatu: wa kwanza wa kufuta maneno ya zamani, wa pili wa kuweka maneno mapya, wa tatu wa kuthibitisha kwamba ule wa kwanza ulipigwa kwa ruhusa. Mpigaji ni mimi. Muhuri wa kwanza ni wa chuma, mzito kama pasi ya mkaa.

Napiga zaidi ya mara elfu mbili kwa siku. Mkono wa kulia umeanza kunichezea shere. Nikishika kikombe, kikombe kinaamua chenyewe kinakwenda wapi. Si neno, nakuambia tu kwa kuwa huwa unauliza habari za kazi.

Kofia imefikia wapi? Mama alipokuwa anatutoka aliusia kwamba nisioe ila nimevaa kofia ya viua uliyoishona wewe, na Mzee Mroivili anaujua usia huo kwa sababu mimi, kwa upumbavu wangu, nilimsimulia. Yeye ameshona kofia miaka thelathini. Husema akipapasa viua, vile vitundu vilivyozungushiwa uzi, anajua kama mshonaji alikuwa ameshiba au ana njaa.

Mdogo wako,
Daoudou


Nosy Be, 2 Novemba 1960

Mdogo wangu Daoudou,

Kwezi yako nimeipokea na nimeiweka mahali pake. Shangazi Kalathoumi anakusalimu sana. Jino lipo, linatikisika, lakini hataki liguswe. Anasema ndilo linaloshikilia kichwa. Paa letu limevuja upande wa jikoni. Milangilangi imechanua kwa fujo mwaka huu, na sisi tunachuma tangu alfajiri mpaka jua linapopanda, maana ua likishaungua harufu yake inakimbia. Bourhane, mpimaji wa maua, anasema mtambo wa kukeneka mafuta haujapoa hata siku moja.

Kuhusu mkono wako: usiufanyie mchezo. Ukiamka utakuta kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, lakini cha mwisho ni kizima, kinakutazama tu kama mgeni asiyehusika na ugomvi. Ukifunga kifungo cha shati utalikosa tundu. Ukiukung'uta mkono utapata nafuu kidogo, kisha utakuja moto unaopanda mpaka kwenye kiwiko, na utatamani kuutia mkono mtungini. Usiniulize nimejuaje. Wachumaji wanasimulia.

Mimi mikono yangu mizima, alhamdulillahi, yote miwili.

Nimempa Mariamou, jirani yetu anayekuja huko kwa meli, chupa ya mafuta ya langilangi ya mkeneko wa mwisho, ambayo wenye mtambo hawayathamini. Sugua kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, wala usisugue kurudi chini, maumivu yatashukia vidoleni. Na umwambie mkubwa wako mtu si nyundo.

Kofia inaendelea.

Dada yako,
Sittou


Mahajanga, 27 Novemba 1960

Dada yangu Sittou,

Kwezi nyingi. Poleni na paa, na mpe shangazi pole ya jino. Nadjati anakusalimu, anashona mapazia ya nyumba ambayo bado hatuna. Mzee Mroivili anakusalimu pia, na la pili alilisema bila kutabasamu: anaisubiri kofia.

Mafuta yamefika, na Mahajanga nzima imejua kwamba yamefika. Nilisugua kama ulivyoniagiza. Saa nne asubuhi makaratasi yote ya ofisi yalikuwa yananukia kama chumba cha bibi harusi. Watu waliochukua hati za viwanja walirudi makwao wakinukia, na wanaume wanne wakaulizwa na wake zao walikuwa wapi. Walijibu, "Ofisi ya hati." Hakuna mke aliyeamini. Mmoja amelala kwa mama yake mpaka leo. Na juma lile lile wachumba kumi na mmoja walikuja kuandikisha ndoa, wawili kati yao walikuwa wamekuja kushtakiana kwa ajili ya ua wa nyumba.

Mkubwa wetu akayapiga marufuku mafuta. Nikaenda kwa daktari. Akaufunga mkono wangu wa kulia kwenye kibao na kusema nisipige muhuri mwezi mzima. Mkubwa aliisoma barua ya daktari mara mbili, akasema, "Ameuzuia mkono wa kulia. Wa kushoto hakuutaja."

Basi nikapiga kwa kushoto. Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Siku ya nne akaja Bi Echata, yule anayeuza sambusa karibu na msikiti, kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Mtoto alikuwa mgongoni. Nikainua muhuri, naye akapiga ukelele kana kwamba nimeinua shoka.

"Mimi nimemleta mtoto kwa kheri, wewe unamwandika kwa mkono wa chooni?"

Nilimwonyesha kibao. Nilimweleza habari ya daktari. Alimfunika mtoto macho asione, akachukua cheti kwa ncha ya kanga, akatoka akisoma dua za kujikinga na mimi.

Dada, jambo moja. Barua zako zote zilikuwa na mkia wa wino, kwa sababu kiganja chako kilipita juu ya maneno kabla hayajakauka. Hii ya mwisho ni safi, haina hata doa, ila herufi zimelala kidogo. Umenunua kalamu mpya?

Daoudou


Nosy Be, 20 Desemba 1960

Daoudou,

Salamu nimepokea. Tuko hai. Shangazi anakusalimu na analalamika kwamba nina maringo siku hizi, sili naye sahani moja. Usimsikilize, ni jino linasema.

Mkono wa kushoto! Daoudou mwana wa Ahamada! Umesahau mama alivyokuwa akikufunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula ili usijisahau? Umesahau siku uliyompa mjomba maji kwa kushoto, ukalala bila chakula? Mkono huu wa kushoto una kazi yake moja na kila mtu anaijua. Hata mbuzi wangu ukimpa majani kwa kushoto anageuza uso. Watu wanakuja kwako na majina ya watoto wao, na ndoa zao, na vifo vyao, nawe unawapokea kwa mkono huo, mchana, mlango ukiwa wazi? Kama mtu amelazimika, basi angalau ajifiche! Ajifungie, afunge na dirisha, amalize shida yake, atoke amenyamaza. Lakini wewe mbele ya Bi Echata!

Kalamu ni ile ile. Ni hewa ya mwezi huu, wino unakauka upesi.

Umesema ungependa kuja mwaka mpya. Usije. Nyumba inavuja.

Sittou


Mahajanga, 15 Januari 1961

Dada yangu,

Kwezi, ingawa umenigombeza kwa kurasa mbili. Nadjati mzima, anasema shemeji zake wote wanaume ni wakorofi kwa hiyo anafurahi atapata wifi mwenye maneno. Sikusema popote kwamba nakuja mwaka mpya, lakini sawa, siji.

Wasema wino unakauka upesi. Desemba, Nosy Be, katika mvua inayowaotesha samaki uyoga. Haya.

Mambo yamekuwa makubwa. Bi Echata alizunguka Tsaramandroso nyumba kwa nyumba. Wazee wakakaa kwa Mzee Mroivili na kukata shauri: karatasi yoyote iliyopigwa muhuri kwa kushoto haina baraka, irudi ipigwe upya kwa kulia. Shauri jema, lakini dada, muhuri ukishapigwa nani atajua ulipigwa kwa mkono gani? Hakuna. Kwa hiyo wameleta karatasi zote walizo nazo. Mzee mmoja amevuka na feri kutoka Katsepy, amebeba hati ya baiskeli ya mwaka elfu moja mia tisa thelathini na moja, kabla sijazaliwa. Baiskeli yenyewe imeshazama. Mwanamke wa Antsanitia ameleta kalenda. Na Bwana Anli fundi seremala amekuja na karatasi ya talaka, amenong'ona mlangoni kwamba ikiwa ilipigwa kwa kushoto basi huenda haikushika, na mkewe wa zamani bado ni wake. Mkewe wa zamani alikuwa nyuma yake katika foleni, pamoja na mume mpya, nao wameleta cheti chao kwa wasiwasi huo huo.

Foleni inafika mpaka barabara ya bahari. Kibao nimekivua, kwa kuwa watu wanataka kuuona mkono wa kulia kwa macho yao. Nikipiga, wanaitikia "Amin". Kufika adhuhuri siuhisi tena, naangalia muhuri unapanda na kushuka kama wa mtu mwingine.

Mzee Mroivili amenitia katika kona. Kasema mbele ya wazee: "Siku ya ndoa nitaushika mkono wa kulia wa kijana huyu kama sheria inavyotaka. Nikiuona legelege, sitamtaja binti yangu. Na kofia nitaipapasa mwenyewe." Nina mpaka Aprili, dada. Nampenda Nadjati. Sijawahi kukuandikia hivyo, na sasa nimeandika, kalamu ikiniponyoka mara tatu.

Nimalizie kwa lililo moyoni. Herufi zako si zako. Kuna mtu anakuandikia. Kama ni Bourhane mpimaji wa maua, na kama kuna jambo la kheri kati yenu, niambie mimi ndugu yako, nisilisikie kwa Mariamou.

Daoudou


Nosy Be, 8 Februari 1961

Daoudou,

Hatujambo. Jino bado.

Bourhane ana wake wawili, watoto tisa, na kalamu hajawahi kuishika. Hesabu ya maua anaichora vijiti ukutani. Barua zangu naandika mwenyewe. Ukirudia neno hilo nitakuja huko nikuchape kwa mkono wowote.

Samahani kwa mkono wako. Loweka katika maji ya moto yenye chumvi. Ukilala, uweke juu ya mto, usiukunje.

Sittou


Mahajanga, 3 Machi 1961

Dada Sittou,

Kwezi, na Ramadhani karimu kwako na kwa shangazi. Nadjati anakusalimu. Usiku wa futari wananipa uji kikombe chenye mishikio miwili, cha watoto, na hakuna anayeniuliza kwa nini. Mzee Mroivili anakaa mbele yangu, ananitazama, naye anakunywa uji wake kwa mrija wa papai. Sijui ni daraja gani ya uungwana hiyo.

Ndoa ni Ijumaa tarehe 14 Aprili. Barua mbili hukuitaja kofia. Dada, sitaki mafuta, sitaki chumvi. Nataka unijibu swali moja: kofia ipo? Kama haipo niambie haipo, nitajua la kufanya. Sijui nitafanya nini, lakini nitajua.

Daoudou


Nosy Be, 29 Machi 1961

Mdogo wangu, mwana wa mama,

Kwezi yako naipokea kwa aibu. Idi ilikuwa njema. Shangazi alikula nyama kwa jino moja tangu asubuhi mpaka alasiri, akamshukuru Mungu. Mariamou atakupa kifurushi hiki mkononi. Kifungue ukiwa peke yako, na usome kabla hujakigusa kilichomo.

Mkono wangu wa kulia ulikufa kabla ya wako. Siku ya uhuru tulisimama uwanjani, nikapiga makofi na wenzangu, na sikuyahisi vidoleni. Nikatazama kama kweli napiga. Nilikuwa napiga. Miaka kumi na tisa nimechuma langilangi: bana, sokota, vuta, bana, sokota, vuta, ua moja moja, na kilo moja ni maua mangapi, mwulize Bourhane. Na jioni sindano ya kofia. Daktari wa huku aliutazama akasema niache kazi. Nikamwuliza niache ipi, ya mkono au ya tumbo.

Kofia ilikuwa haijafika hata nusu. Usia wa mama ulikuwa shingoni mwangu, na mkono ule alioufikiria mama haukuweza tena kutia uzi tunduni. Basi nikafunga mlango. Nikafunga na dirisha. Nikahamishia sindano kushoto. Kiua cha kwanza kilinichukua siku nne na kilikuwa kibaya kama jicho la pweza. Nilikifumua. Cha hamsini kilikuwa kiua. Kuanzia hapo nikashona sehemu ya juu yote na pembeni yote, na ile kazi ya zamani ya mkono wa kulia nikaifumua pia, kwa sababu ilionekana imezembea ikikaa karibu na hii.

Na barua nimekuandikia kwa kushoto tangu Novemba. Maandishi yetu yanatoka kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto haupiti juu ya wino. Ndiyo maana zimekuwa safi. Sijui kwa nini watu hawakutuambia.

Nilikugombeza kwa sababu ulifanya hadharani jambo nililolifanya mimi nimejifungia, na Bi Echata alipokupigia ukelele nilihisi amenipigia mimi, huku, nikiwa na sindano mkononi. Nimekula peke yangu jikoni miezi tisa, Daoudou. Nikimega tonge kwa kulia linaanguka kabla ya mdomo. Kwa kushoto linafika, lakini siwezi kuonekana. Shangazi anafikiri ni maringo.

Kwa hiyo harusini siji. Mbele ya sahani ya wakwe zako siwezi kukaa. Utawaambia bahari ilichafuka.

Sasa kofia unayo. Imeshonwa na mimi, kama mama alivyosema, ila si kwa mkono aliokuwa akiufikiria. Ukiona haya, nunua nyingine sokoni. Sitakuuliza ulivaa ipi.

Dada yako asiye na maringo,
Sittou


Mahajanga, 24 Aprili 1961

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Kwezi, kwezi, kwezi. Mimi mzima, mke wangu Nadjati mzima. Nimeandika "mke wangu", na umeelewa.

Barua yako nililia nayo nyuma ya ofisi, kati ya marundo ya karatasi, nikajifuta kwa mkono wa kushoto kwa makusudi. Kisha nikaivaa kofia. Dada, sijawahi kuvaa kitu kizuri hivyo. Lakini niliogopa, kwa sababu Mzee Mroivili husoma uzi kama mtu anavyosoma barua, na nilijua akiipapasa ataona.

Ijumaa baada ya sala tulikaa mkekani, yeye na mimi, goti kwa goti, na ukumbi umejaa mpaka madirishani, Bi Echata akiwa dirisha la mbele. Mwalimu wa msikiti, mwozeshaji wetu, akasema, "Shikaneni." Nikauma meno, nikautoa mkono wangu wa kulia kama mtu anayeupeleka kwa fundi wa kukata. Nilingoja anibane. Mkono uliokuja ulikuwa mwepesi kama kitambaa. Nikamsikia ananong'ona, "Taratibu, mwanangu. Usinibane."

"Na wewe usinibane, mzee," nikanong'ona.

Tukatazamana. Mwalimu akaanza maneno, mikono yetu ikaachana. Akatuunganisha, ikaachana. Mara ya tatu ilianguka kila mmoja upande wake, watu wakaanza kukohoa. Mwalimu, Mungu amjalie, akavua kilemba chake, akatufunga viganja pamoja kama kuku wanaopelekwa sokoni, na nikaozwa. Waliokuwepo wanadhani ni desturi ya zamani ya Ngazija. Tayari vijana wawili wameomba na wao wafungwe.

Kisha akasema, "Kofia." Nikaivua. Alifumba macho, akapitisha vidole vya kushoto juu ya viua, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Niliwaza: sasa atasema, na binti yake nimeshamwoa, je, atanifungua kilemba? Akafumbua macho, akaiinua kofia watu waione, akasema kwa sauti kubwa: "Hii imeshonwa na mkono uliobarikiwa. Asiyeamini aje ashone kama hii." Bi Echata alikuwa wa kwanza kusema "Amin".

Aliponirudishia kichwani aliniinamia sikioni. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Mwambie dada yako nyuzi zake zinalala upande ule ule zinakolala zangu. Miaka kumi na mmoja, mwanangu. Na mimi nilikuwa nafunga dirisha."

Juzi amewaita wazee akawaambia muhuri ni mali ya serikali, na serikali haina kulia wala kushoto. Foleni imekwisha. Karatasi mpya zimefika, zimechapwa vizuri, hazihitaji muhuri hata mmoja. Watu wanazikataa kwa sababu hazina mihuri mitatu. Napiga kidogo kidogo, kwa mkono wowote. Mkono wa kulia haujapona. Daktari anasema huenda usipone wote. Nimemwambia tumezoeana.

Dada, bahari haikuchafuka siku ile, na sikuwaambia watu kwamba ilichafuka. Niliwaambia unakuja. Nadjati kasema nikuandikie hivi: "Wifi, sahani ipo. Baba yangu ameketi upande mmoja, ndugu yako upande mwingine, wote wanamwaga wali. Njoo, nitakulisha kwa mkono wangu mwenyewe, au utakula kwa wowote utakao, na mlango utakuwa wazi."

Njoo.

Daoudou


Nosy Be, 12 Mei 1961

Mdogo wangu Daoudou, na wifi yangu Nadjati,

Hatujambo kabisa. Jino la shangazi limetoka lenyewe Jumanne, akiwa anacheka, na kichwa chake kiko palepale. Alicheka kwa sababu nilileta sahani sebuleni, nikakaa mbele yake, nikala kwa mkono wangu wa kushoto. Aliniangalia mpaka tonge la tatu, akasema, "Ndilo hilo tu? Miezi yote hii mimi nilidhani nanuka."

Bourhane amenitoa mitini, ameniweka kwenye mizani kumsaidia; nachora vijiti.

Nitapanda meli ya tarehe 2 Juni, pamoja na shangazi. Uje utupokee bandarini. Nina kapu moja la mishikio miwili, kubwa, lina mafuta, vitambaa, na kofia niliyoianza kwa ajili ya Mzee Mroivili. Tutalibeba sisi wawili. Nimefikiria sana jambo hili nikaona kwamba wewe una mkono mzima wa kushoto, na mimi nina mkono mzima wa kushoto, kwa hiyo ili kapu lifike Tsaramandroso mmoja wetu itabidi atembee kinyumenyume.

Wewe ndiwe mdogo.

Dada yako,
Sittou